Moyo hufanya kazi hata ukilala

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea kusoma, hebu weka gazeti mezani kidogo. Nyoosha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama juu, kisha weka vidole viwili vya mkono wa kulia pale kwenye kifundo, chini ya kidole gumba. Bonyeza polepole. Unasikia kitu kikipigapiga? Hesabu mapigo hayo kwa sekunde 15, halafu zidisha kwa nne. Iwapo umetulia na hujatoka kupanda ngazi, aghalabu utapata kati ya 60 na 100. Vijana wanaokimbia kila asubuhi huenda wakapata chini ya hapo, nao wasitishike.

Tuseme umepata 70. Kila pigo moja la moyo husukuma damu kiasi cha kikombe kile kidogo cha kahawa chungu, ambacho muuza kahawa hukujazia kutoka kwenye dele lake. Vikombe 70 kwa dakika ni karibu lita tano, na hizo lita tano ndizo takribani damu yote uliyo nayo mwilini. Kwa siku moja moyo hupiga zaidi ya mara 100,000 na kusukuma lita kama 7,200. Wale wanaoishi Ukunda, ambako maji ya mkokoteni si jambo geni, watanielewa haraka nikisema kwamba hiyo ni mitungi 360 ya lita ishirini ishirini. Na kazi yote hiyo hufanywa na kinofu cha nyama kisichozidi ngumi yako kwa ukubwa, ambacho hakijawahi kwenda likizo tangu ulipokuwa tumboni mwa mamako.

Nimeamua wiki hii tuzungumze juu ya moyo na mishipa yake kwa sababu maradhi haya ndiyo yanayoua watu wengi zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 17.9 kwa mwaka 2019 pekee. Wengi wetu bado tunadhani ni ugonjwa wa matajiri wa Nairobi au wa wazungu wanene wanaoota jua kule Diani. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli fulani zamani, na nitakueleza ukweli huo ulikwenda wapi.

Lakini kwanza tuingie ndani ya moyo wenyewe. Una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta katikati unaotenga upande wa kulia na wa kushoto. Damu iliyokwisha kutumika, ambayo imepoteza hewa ya oksijeni, hurudi kutoka mwilini na kuingia upande wa kulia. Upande huo huisukuma hadi mapafuni, ambayo hayako mbali, kwa hivyo kazi yake si nzito sana. Ikishapata hewa safi, damu hurudi upande wa kushoto, nao huisukuma kwa nguvu hadi kila mahali, kuanzia ubongo hadi ukucha wa kidole cha mguu. Ndiyo maana ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Mwanafunzi aliyewahi kupasua moyo wa mbuzi darasani amejionea mwenyewe.

Je, damu hujuaje isirudi nyuma? Hapa nitakupeleka Gazi au Shimoni, kwa wavuvi. Umepata kuliona dema, lile tego la samaki lililosukwa kwa fito? Mlango wake umetengenezwa kiujanja: samaki huingia kwa raha zake, lakini akitaka kutoka hapati njia. Ndani ya moyo mna milango minne ya namna hiyo, inayoitwa vali. Damu ikipita, mlango hujifunga nyuma yake. Ile sauti anayoisikia daktari akiweka kipimo chake kifuani mwako, ile ya dub-dab, dub-dab, si sauti ya moyo kupiga kama ngoma. Ni sauti ya milango kufungwa.

Haya tunayoyajua leo hayakujulikana kwa siku moja. Kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu walifuata maneno ya Mgiriki Galen, aliyedai kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo kupitia matundu yasiyoonekana. Aliyempinga wa kwanza kwa maandishi alikuwa Ibn al-Nafis, tabibu wa karne ya 13 aliyezaliwa Sham na kufanya kazi Misri. Alisema wazi kwamba ukuta huo hauna tundu, na kwamba damu lazima izunguke kupitia mapafu. Mwingereza William Harvey alikuja kuonyesha mzunguko wa mwili mzima mwaka 1628. Hata yeye hakuweza kuiona ile mishipa midogo kabisa inayounganisha njia ya kwenda na njia ya kurudi, kwa kuwa hakuwa na hadubini ya kutosha. Mwitaliano Malpighi aliiona mwaka 1661, ndani ya pafu la chura.

Mishipa yenyewe ni ya aina tatu. Ateri hupeleka damu kutoka moyoni, vena huirudisha, na katikati mna kapilari, nyembamba mno hivi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja kama abiria kwenye mlango wa matatu. Hapa pana tatizo dogo la lugha. Neno "mshipa" kwetu Pwani limebebeshwa mizigo mingi mno. Ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, ni ukano, na kwa wazee wengi wa Kwale ni busha, lile lililoletwa na vijidudu vya mbu vinavyosababisha matende. Ukimwambia mzee wa Msambweni kwamba ana maradhi ya mshipa, atadhani unamvunjia heshima mbele ya wakwe zake. Kwa hivyo katika ukurasa huu nitasema ateri, na mnisamehe.

Sasa, moyo nao ni nyama na unahitaji chakula. Huenda ukadhani kwamba kwa vile umejaa damu hauna shida, lakini sivyo. Hulishwa na ateri zake wenyewe, mbili, zinazochipuka kwenye shina la ateri kuu mara tu linapotoka moyoni. Ni nyembamba, na hujaa damu hasa pale moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Ateri hizo zikiziba, hata kama damu imejaa tele vyumbani, nyama ya moyo hufa kwa njaa.

Huzibaje? Wengi hueleza kwa mfano wa bomba. Maji ya visima vya Diani na Tiwi yametoka kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa nyingi. Chemsha kwenye birika miezi michache, utaona magamba meupe yameganda ndani. Basi husemwa kwamba mafuta nayo huganda ndani ya ateri vivyo hivyo. Mfano huo ni mzuri lakini unapotosha. Mafuta hayagandi juu ya ukuta wa ateri. Huingia ndani ya ukuta.

Afadhali tutumie mfano wa nyumba ya mawe. Unajua jinsi unyevu wa chumvi unavyopenya ukutani, plasta ikaanza kubenuka polepole, na rangi juu yake ikaonekana salama hadi siku moja kipande kizima kinapomomoka. Ateri ina utando laini ndani yake. Utando huo ukichubuliwa na presha kubwa, au moshi wa sigara, au sukari nyingi katika damu ya mwenye kisukari, mafuta yaitwayo kolesteroli hupata mwanya wa kuingia. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huja kuyala. Hula hadi hushiba na kufia humo humo, na uvimbe unakua. Hali hii huweza kuanza ujanani, na kwa miaka ishirini au thelathini mtu hahisi lolote. Kisha siku moja utando unapasuka. Mwili hudhani umepata jeraha, damu huganda pale ili kuliziba, na kwa dakika chache tu donge hilo la damu hufunga njia yote. Likifunga ateri ya moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Likifunga ya ubongo, ni kiharusi.

Hata hivyo, kwa watu wetu adui mkubwa zaidi kuliko mafuta ni presha. Nilipokuwa Ukunda nilizungumza na mama mmoja muuza viazi karai kando ya barabara ya kwenda Diani, nikamwuliza kama amewahi kupimwa.

"Presha ya nini, mwanangu? Mimi siumwi na kichwa, siumwi na kitu."

"Lakini mama, presha haiumi."

"Haiumi, basi naitafutia nini?"

Nilicheka, naye akacheka, akaniongezea kiazi. Lakini jibu lake ndilo jibu la Wakenya wengi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani.

Zile namba mbili unazoandikiwa zina maana gani? Ya juu ni nguvu ya damu ukutani pale moyo unapokaza, na ya chini ni pale unapolegea. 120 kwa 80 ni nzuri. Ikifika 140 kwa 90, na ikarudia kuwa hivyo siku tofauti ukiwa umetulia, hiyo ni presha. Moyo unaosukuma dhidi ya nguvu hiyo miaka nenda miaka rudi huota misuli kama mpakuzi wa bandarini. Misuli ya mpakuzi ni afya, lakini ya moyo ikizidi huwa migumu, haijazi vyema, na mwishowe huchoka. Hapo ndipo miguu inapovimba, na mtu hawezi kulala bila mito mitatu. Figo nazo huharibika, na ateri nyembamba za ubongo hupasuka.

Sasa nirudi kwenye ule ukweli wa zamani. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kisii, aliandika kwamba alipima wanaume 1,000 na hakuona presha ikipanda kwa kadiri wanavyozeeka, jinsi ilivyokuwa kwao Uingereza. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini mwake hakukuta hata mmoja mwenye presha. Miaka ya 1960 watafiti walikuta hali kama hiyo kwa Wasamburu waliokuwa wakifuata mifugo yao. Lakini vijana wa Kisamburu walipoingia jeshini na kuanza kula chakula cha kambi, chenye chumvi nyingi, presha zao zilipanda.

Utafiti ulionigusa zaidi ni ule wa miaka ya 1980, uliochapishwa mwaka 1990. Watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini karibu na ziwa na kuhamia Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha za waliohama zilikuwa zimepanda tangu miezi ya mwanzo kabisa. Mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi, na upungufu wa potasiamu, madini tunayoyapata kwenye matunda, mboga na viazi vitamu. Uzito wao ulikuwa juu, na moyo ukipiga haraka zaidi. Damu yao ilikuwa ile ile, na babu zao ni wale wale. Kilichobadilika ni sahani na maisha. Wewe uliyetoka Kinango au Lunga Lunga ukahamia Likoni, Changamwe au Kawangware, habari hiyo ni yako.

Tuitazame basi sahani ya Pwani, bila kumwonea mtu. Ina mema mengi. Mbaazi, samaki, mchicha, mihogo, maembe, ndizi, malimau, yote hayo ni rafiki wa moyo. Ubaya wake mkubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa jumla, pamoja na ile iliyofichika. Ng'onda na papa mkavu huhifadhiwa kwa chumvi, na hata ukiwaroweka hubaki nayo. Ongeza achari, ongeza vipande vya supu vya dukani, ongeza mkate, kisha yule anayenyunyizia chipsi kabla ya kuonja. Hesabu ya kijiko kimoja imeisha kabla ya adhuhuri.

Na tui? Najua nikigusa nazi nitapata barua. Mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha kolesteroli, hilo halina ubishi hata kama kuna wauzaji wanaoyasifu kama dawa. Lakini sitamwambia mtu wa Kwale aache wali wa nazi; hatanisikiliza, na mimi mwenyewe ningekuwa mnafiki. Tumia tui jepesi kwa mapishi ya kila siku, na lile zito la kwanza, kasimile, liwe la Ijumaa na wageni. Kwangu mimi mahamri, bhajia na viazi vya kukaangwa kwenye mafuta yaliyotumika wiki nzima yanatisha zaidi ya kijungu cha samaki wa kupaka.

Kuna ugonjwa mwingine wa moyo ambao hauhusiani na chumvi wala nazi, nao huwashika watoto. Wazazi, hapa naomba msikilize. Mtoto huumwa na koo, homa inapanda, anapewa dawa ya kutuliza maumivu na anapona. Lakini kama koo lile lilisababishwa na bakteria fulani na halikutibiwa kwa penisilini, wiki chache baadaye viungo vyake huweza kuvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Kinga ya mwili iliyopigana na bakteria imekosea adui na kuanza kushambulia vali za moyo. Ule mlango wa dema unakakamaa. Haufunguki vizuri, au haufungiki. Miaka inapita, na binti wa miaka kumi na sita anaanza kuhema akipanda kilima cha shule, au anagunduliwa akiwa mja mzito wa kwanza. Sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne huzuia uharibifu usiendelee. Vali ikishaharibika kabisa ni upasuaji, na gharama yake ndiyo iliyofanya hospitali ya Mater jijini Nairobi kuandaa mbio zake za kila mwaka tangu 1993 ili kuwasaidia watoto wasiojiweza.

Sasa tuje kwenye saa ya hatari. Mshtuko wa moyo haufanani na ule wa sinema. Mara nyingi ni uzito kifuani, kama mtu amekukalia, unaoenda kwenye bega, mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho baridi na kukosa pumzi. Wanawake wengi, na wagonjwa wa kisukari, huhisi uchovu usio na sababu na kichefuchefu tu. Sisi tumezoea kusema ni gesi au kiungulia, na tunakunywa soda. Kiharusi nacho hutambulika kwa mambo matatu: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea usipande ukiuinua, na maneno kukoroga. Ukiona lolote kati ya hayo, tazama saa na uikumbuke, kwa sababu daktari atakuuliza.

Najua Pwani kiharusi huitwa upepo, na jambo la kwanza huwa ni mafuta ya kukanda, ubani na kombe. Sina nia ya kubishana na imani ya mtu. Dua inaweza kusomwa ndani ya gari. Dawa ya kuyeyusha donge la damu kwenye ubongo hufaa tu ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba si mshipa uliopasuka. Mgonjwa aliyekaa nyumbani akikandwa hadi kesho yake ameshapitwa. Ukiwa Diani au Ramisi, hospitali ya rufaa ya Msambweni iko karibu. Na kwa anayelazimika kupelekwa Mombasa, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, si lazima kuomba dua kwamba feri ya Likoni haijaondoka.

Swali ninaloulizwa zaidi na wasomaji Waislamu ni juu ya dawa za presha wakati wa Ramadhani. Wengi huziacha mwezi mzima kwa kuwa wanajisikia vizuri, halafu wiki ya Idi wanaanguka. Usiziache. Nenda zahanati wiki mbili kabla ya mwandamo ukamwulize daktari namna ya kuzipanga. Nyingi za siku hizi humezwa mara moja tu kwa siku, na zaweza kuhamishiwa futari au daku. Zile za kukojoza aghalabu hutakiwa ziangaliwe upya, kwani kufunga katika joto la Pwani huku mwili ukipoteza maji kwaweza kushusha presha kupita kiasi. Wenye moyo uliokwisha choka, au waliopata mshtuko miezi michache iliyopita, waongee na daktari na shehe wao kabla ya kunuia.

Na kwa yule aliyeniuliza kama kahawa chungu inadhuru: vikombe viwili vitatu vidogo, la. Sukari ya kashata inayoshushiwa nayo ndiyo ya kuhesabu.